Wakala anataka dola 441 kunibadilishia matairi mawili ya pikipiki. Je, ni haki?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa, na kwa sasa naishi Houston, Texas, ambako ninaendesha Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2015. Nilinunua matairi mawili mtandaoni kwa dola 310, nikayapeleka kwa wakala, yaani duka linalouza na kutengeneza pikipiki, anifungie. Makadirio aliyonipa ni haya: kazi saa 2.5 kwa dola 140 kila saa, yaani dola 350. Balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, dola 30. Valvu mbili dola 16. Kutupa matairi ya zamani dola 10. Na “vifaa vya karakana” dola 35. Jumla dola 441 kabla ya kodi, zaidi ya bei ya matairi yenyewe. Akaongeza kwamba ningenunua matairi kwake kwa dola 395, kazi ingekuwa saa 2 tu. Kwetu Likoni fundi wa pancha alikuwa akinibadilishia tairi la Boxer kwa shilingi 200 huku nikinywa kahawa. Je, naibiwa? Na nikiyavua mwenyewe kwa vyuma vya kuvulia matairi kama tulivyozoea nyumbani, kuna ubaya?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Huibiwi, ila unatakiwa kulipa zaidi ya unavyolazimika, na kwa kuwa bado hujatoa fedha, nafasi ya kupunguza gharama hiyo unayo. Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba katika zile dola 350 za kazi, sehemu ndogo tu ndiyo ya kubadilisha tairi. Sehemu kubwa ni ya kulitoa gurudumu kwenye pikipiki na kulirudisha mahali pake. Ukiigawa hesabu hiyo sehemu mbili namna hiyo, utaona mwenyewe ni wapi panapopunguzika na wapi hapapunguziki.

Nianze na hiyo saa 2.5, kwa sababu ndiyo inayowaudhi wateja wengi. Karakana za mawakala nchini Marekani kwa kawaida hazipimi muda kwa saa ya ukutani. Zinatumia saa za kitabu, yaani muda uliopangwa kwa kila kazi ya kila aina ya pikipiki, na muda huo huzidishwa kwa bei ya saa ya karakana. Kama kitabu kinasema tairi la nyuma ni saa 1.3 na la mbele ni saa 1.2, utalipa saa 2.5 hata kama fundi mwepesi atamaliza kwa saa moja na nusu, na utalipa saa 2.5 hizo hizo hata kama ekseli yako imeshika kutu na fundi akashinda nayo hadi adhuhuri. Mteja aliyesimama dirishani akiangalia saa yake ya mkononi hukasirika, lakini mpango huo una faida moja kwake: anajua bei kabla kazi haijaanza, na uzembe au ugeni wa fundi hauingii katika bili yake.

Usidhani pia kwamba dola 140 zinakwenda mfukoni mwa fundi. Ndani yake mna pango la jengo, bima ya dhima iwapo gurudumu litafunguka barabarani, mashine ya kuvulia matairi, mashine ya balansi, mshahara wa mtu anayepokea pikipiki na kuandika makadirio, na faida ya mwenye duka. Mafundi wengi wa mawakala hulipwa kwa hizo saa za kitabu wanazozimaliza, wala si kwa saa walizokaa kazini, na hapo ndipo penye hatari ambayo mteja haioni. Fundi anayelipwa saa 1.3 ana kila sababu ya kumaliza kwa dakika 50. Katika karakana moja niliyowahi kufanya kazi, mwenzetu alirudisha gurudumu la nyuma kwa haraka, akakaza ekseli bila kuhakikisha kwamba gurudumu limekaa sawa pande zote mbili. Mteja aliondoka akiwa ameridhika na bei. Aliporudi baadaye akilalamikia mlio, tulikuta meno ya sproketi yameliwa upande mmoja, kwa sababu cheni ilikuwa ikivutwa kwa mshazari tangu siku ile. Tangu hapo, mtu anapoletewa makadirio nami nikaulizwa maoni yangu, huwa sianzi na bei. Huuliza kwanza ni nani atakayelirudisha gurudumu, na atalikaza kwa kifaa gani.

Sasa tuje kwenye ulinganisho wako na Likoni, ambao naufahamu vizuri kwa sababu nami nilianzia kwenye kibanda cha namna hiyo, chini ya mwembe, na kompresa moja. Shilingi 200 za fundi wa pancha ni bei ya haki kwa kazi anayoifanya. Tairi la nyuma la Boxer ni 3.00-17, jembamba, laini, lenye mpira wa ndani, juu ya rimu ya spoki. Ukingo wake unaachia kwa kukanyagwa kwa kisigino, vyuma viwili vinatosha kulivua, na breki ya nyuma ni ya ngoma, kwa hiyo hakuna diski ya kupinda wala kifaa cha ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge unapopiga breki) cha kuvunja. Balansi haifanywi, na kwa mwendo wa mjini haina athari kubwa. Tairi la nyuma la V-Strom yako ni 150/70R17, halina mpira wa ndani, na ukingo wake umebana kwenye rimu ya aloi kwa nguvu ambayo ndiyo hiyo inayozuia upepo usitoke. Kuachanisha ukingo huo na rimu kunahitaji mashine au kifaa cha kukandamiza chenye mkono mrefu, na ukikwaruza mahali ukingo unapokaa, tairi litavuja polepole na hutajua ni kwa nini.

Halafu kuna mwendo. Gurudumu lako la nyuma linapita takriban mita 2 kwa kila mzunguko mmoja. Ukiwa kwenye barabara kuu kwa kilomita 120 kwa saa, linazunguka karibu mara 1,000 kwa dakika. Gramu 30 za uzito zilizokaa upande mmoja, ambazo huwezi kuzihisi ukiwa Likoni feri unasubiri kuvuka, kwa mwendo huo zinakuwa pigo linalojirudia zaidi ya mara 16 kila sekunde, nalo hupanda hadi kwenye usukani na kuila beringi.

Kazi yenyewe nitakueleza kama inavyofanywa na fundi mwaminifu, ili ujue unachokilipia. Pikipiki huinuliwa mpaka gurudumu la nyuma lielee. Nati ya ekseli hufunguliwa, cheni hulegezwa na kuondolewa kwenye sproketi, kalipa ya breki (kifaa kinachoshika pedi) husogezwa na kufungwa mahali isining’inie kwa mrija wake, na kitambuzi cha ABS huangaliwa kisigongwe. Gurudumu linapotoka, hutoka na bushi zake za pembeni, ambazo mara nyingi ya kushoto si sawa na ya kulia. Hapo tairi huvuliwa, rimu husafishwa, valvu ya zamani hukatwa na mpya kuvutwa. Kisha fundi hufanya jambo dogo ambalo halimo katika makadirio yoyote: huingiza kidole katikati ya beringi na kuizungusha taratibu. Beringi nzima huzunguka kama iliyopakwa asali, na iliyochoka huhisika ikikwaruza au kukwama kidogo kila inapofika mahali fulani. Kwa maoni yangu kidole hicho ndicho chenye thamani kuliko vyote katika bili ile, kwa sababu beringi ikifa safarini inaweza kuharibu gurudumu zima, na hakuna wakati mwepesi wa kuigundua kuliko gurudumu likiwa mezani.

Tairi jipya hupakwa maji ya sabuni au mafuta maalumu ukingoni, hufungwa likifuata mshale wa mwelekeo ulioandikwa ubavuni, na hujazwa upepo hadi usikike mlio mara mbili, kila ukingo ukiruka mahali pake. Kwa balansi, gurudumu hupitishwa chuma katikati na kuachwa lijizungukie lenyewe, upande mzito ukashuka chini. Vipande vidogo vya uzito hubandikwa upande wa juu, na fundi hurudia mpaka gurudumu likae popote atakapoliacha bila kutikisika. Mashine ya kisasa hufanya hayo kwa haraka, ila kanuni ni hiyo hiyo. Mwisho gurudumu hurudishwa, cheni hupimwa ulegevu, ekseli hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo kulingana na kipimo cha kitabu cha pikipiki, na kanyagio la breki husukumwa mara kadhaa, kwa sababu baada ya kalipa kusogezwa, mkanyago wa kwanza huenda ukawa hauna breki hata kidogo.

Turudi kwenye makadirio yako. Dola 350 za kazi kwa matairi mawili ziko juu kidogo lakini si za ajabu, kwa kuwa karakana nyingi za mawakala huko hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa, na katika miji mikubwa ni zaidi ya hapo. Valvu dola 8 kila moja sina ugomvi nazo. Kuiacha valvu ya zamani juu ya tairi jipya ni kubana matumizi mahali pasipofaa. Kutupa matairi ya zamani kuna gharama ya kweli. Balansi ndiyo ya kuhoji. Muulize mpokeaji, kwa upole lakini waziwazi, kama saa za kitabu za kubadilisha tairi hazijumuishi balansi, kwa kuwa karakana nyingi huihesabu ndani ya kazi ile ile. Hizo dola 35 za vifaa vya karakana nazo ni asilimia 10 ya kazi, hazikuhesabiwa kutokana na kitambaa na sabuni iliyotumika. Mara nyingi mpokeaji ana mamlaka ya kuzipunguza au kuzifuta akiombwa, lakini asipoombwa hatazitaja kamwe.

Suala la matairi uliyoyanunua mtandaoni linahitaji hesabu, na hapa ndipo ninapowaonea huruma wateja wengi. Uliokoa dola 85, kwa maana 395 kutoa 310. Lakini wakala amekuongezea nusu saa, ambayo ni dola 70, pamoja na asilimia 10 ya nusu saa hiyo, ambayo ni dola 7. Kwa matairi yako utalipa 310 na 441, yaani dola 751. Kwa matairi yake ungelipa 395 ya matairi, 280 ya kazi, 30 ya balansi, 16 ya valvu, 10 ya kutupa na 28 ya vifaa, yaani dola 759. Jitihada yako yote ya kutafuta bei nafuu imekuachia dola 8. Na zaidi ya hapo, tairi likiwa na kasoro ya kiwandani, aliyelifunga atakuambia uende kwa aliyekuuzia, naye aliyekuuzia atakuambia lilifungwa vibaya. Wakala hafanyi hivyo kwa chuki. Faida yake ilikuwa kwenye kuuza tairi, na tairi likija kutoka nje, huitafuta faida hiyo kwenye kazi. Wengine hukataa kabisa kufunga tairi ambalo hawakuliuza. Kwa hiyo kila mara uliza bei ya jumla, tairi likiwa limefungwa na pikipiki iko tayari kuondoka, ndipo ulinganishe.

Kwa kuwa matairi umeshayanunua, njia ninayokushauri ni hii: vua magurudumu mwenyewe nyumbani, uyapeleke mkononi. Karakana nyingi zina bei tofauti kabisa kwa gurudumu lililoletwa likiwa limeshatolewa, na aghalabu ni dola 30 hadi 50 kwa gurudumu, balansi ikiwa ndani. Tuseme ni dola 45. Magurudumu mawili ni dola 90, ongeza valvu 16 na kutupa 10, unapata dola 116 badala ya 441. Piga simu kwa wakala wako kwanza, kisha kwa karakana mbili za watu binafsi. Usiogope kwamba ukienda kwa mwingine utapoteza dhamana ya pikipiki yoyote utakayonunua baadaye, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inamkataza mtengenezaji kukufungia dhamana kwa sharti kwamba kazi ifanywe na wakala wake, isipokuwa kama kazi hiyo inatolewa bure.

Kuvua gurudumu si kazi ngumu kwa mtu aliyekulia kwenye Boxer, ila yapo mambo ya kuchunga. V-Strom yako huenda haina stendi ya katikati, basi nunua stendi ya kuinulia nyuma, na kwa mbele tafuta namna salama ya kuinua kutokea chini ya injini. Usivue yote mawili kwa pamoja kama huna hakika na uthabiti wa stendi zako. Piga picha ya kila upande kabla ya kulegeza kitu, hasa bushi na mpangilio wa ekseli. Kalipa ikiwa nje, mtu yeyote asiguse breki, kwa sababu pistoni zitasogea na pedi hazitaingia tena kwenye diski. Nimewahi kuona mtoto akiifurahia breki ya mbele ya baba yake na kuigeuza kazi ya saa moja kuwa ya siku nzima. Garini lilaze gurudumu juu ya tairi la zamani, kamwe usililaze juu ya diski. Na nunua spana ya kupimia mkazo. Hicho ndicho kifaa ambacho hatukuwa nacho kule kibandani, na ndicho kitakachokufanya uwe na haki ya kulirudisha gurudumu mwenyewe. Ukijumlisha stendi na spana, huenda akiba ya mara ya kwanza ikaliwa sehemu kubwa, lakini vifaa ni vyako, na matairi ya nyuma hayadumu.

Ama kuhusu vyuma, uliuliza kama kuna ubaya. Kuna watu wanaovua matairi ya aina hii kwa vyuma vitatu na vilinda rimu, na wanafanya vizuri. Siri yao ni kuusukuma ukingo wa upande wa pili ushuke kwenye bonde la katikati ya rimu, ili upande wa kwanza upate ulegevu. Anayetumia nguvu badala ya bonde ndiye anayechana ukingo. Hata hivyo sikushauri uanzie kwenye matairi mapya ya dola 310. Kama una hamu ya kujifunza, omba karakana tairi bovu lenye ukubwa kama wako ulifanyie mazoezi, na upate kwanza kile kifaa cha kukandamiza cha kuachanisha ukingo. Tofauti ya bei kati ya kulivua kwa vyuma na kulipa dola 45 ni ndogo kuliko bei ya rimu moja ya aloi iliyopinda.

Neno langu la mwisho ni la siku utakapoyachukua magurudumu yako. Kabla hujatoa fedha, hakikisha mshale wa kila tairi unaelekea upande sahihi, ukizingatia upande wa diski. Tafuta ubavuni mwa tairi tarakimu nne zinazomalizia maandishi yanayoanza na DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Hayo ungepaswa kuyaangalia siku matairi yalipofika nyumbani, lakini hata sasa si vibaya, kwa kuwa tairi lililokaa stoo miaka mingi lina haki ya kurudishwa kabla halijafungwa. Paka tone la maji ya sabuni kwenye valvu uone kama linatoa povu. Ukishayarudisha kwenye pikipiki, sukuma breki zote mbili mpaka ziwe ngumu kabla hujawasha injini, na kwa maili 100 za mwanzo usiilaze sana kwenye kona wala kuipigia breki za ghafla, kwa sababu uso wa tairi jipya bado ni mtelezi. Baada ya maili hizo ipoze, pima upepo, kisha weka tena spana kwenye nati ya ekseli na cheni uipime ulegevu kwa mara ya pili.